Shajara ya mradi: namba isiyoenea kisandukuni

8 Januari

Mradi wenyewe ni mdogo: programu ya kuandika mauzo ya duka la mjomba pale Kongowea, hapa Mombasa, mchele wa jumla na nazi. Mjomba ana daftari za jalada jekundu, moja kwa kila mwaka, na kila jioni kabla ya kufunga huandika mstari mmoja, tarehe na mauzo ya siku. Mimi najifunza lugha ya C tangu Oktoba na nimechoshwa na mazoezi ya kujumlisha tano na saba. Nimeazimwa daftari la mwaka jana. Nikiingiza mistari yote na jumla ikatoka sawa na ile ya mjomba ukurasa wa mwisho, nitajua kuna kitu nimejifunza.

Jaribio la kwanza nilitumia float, aina ya namba yenye nukta, kwa kuwa pesa zina nukta na senti. Halikufika mbali. Float ina biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, ila nafasi ya tarakimu zenyewe ni biti 24 tu, kwa hivyo hesabu kamili bila kuruka inakomea 16,777,216. Iongezee moja uone: imesimama palepale kama punda aliyegoma njiani. Nimeamua kila kitu kiwe senti, namba kamili, ndani ya int, kisanduku cha C cha namba zisizo na nukta. Shilingi 61,840 itaandikwa 6184000, na nukta nitaitia mwenyewe wakati wa kuonyesha.

14 Januari

Siku tano nimekuwa karani. Januari hadi Novemba imepita bila neno. Jana usiku nimefika mstari wa tarehe 12 Disemba, nikaingiza 61,840, skrini ikanijibu hivi:

`Jumla: -21448767.-96`

Mjomba alikuwa kasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

"Mpwa wangu, hicho kijistari cha mbele ni cha nini?"

"Ni cha kutoa, mjomba."

"Yaani nadaiwa milioni ishirini na moja? Na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilijitetea kwamba programu bado changa, akacheka, akaenda zake.

Nimekaa nayo mpaka usiku wa manane. Kilichonikera zaidi ni ile 96 ya mwisho, kuliko hata kijistari. Daftari zima la mjomba halina senti. Hatuuzi kitu chochote cha shilingi fulani na senti 96. Imetoka wapi?

Kabla ya mstari ule jumla ilikuwa senti 2,143,906,500. Ongeza 6,184,000, inatakiwa iwe 2,150,090,500. Nikachukua karatasi nikatafuta umbali kati ya namba niliyoitaka na ile niliyopewa, yaani -2,144,876,796. Umbali ni 4,294,967,296. Hiyo ndiyo 96 yangu. Na namba hiyo si ya bahati nasibu: ni mbili ikizidishwa kwa mbili mpaka zitimie mbili 32.

17 Januari

Nimeelewa, lakini barazani, si kwenye skrini.

Jioni wazee wa mtaani kwetu Mji wa Kale hucheza bao. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Leo walikuwa wameinuka kwa sala, nami nikaketi na ubao mtupu. Nikajiwekea kanuni: kila shimo ama tupu, ama lina kete moja. Shimo la kwanza thamani yake 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kuendelea hivyo. Ukitaka kuandika kumi, unatia kete shimo la pili na la nne, basi. Int ya kwenye laptopu yangu ni hilo bao: mashimo 32, hakuna la 33.

Shimo la 32 ndilo lenye ujanja. Mengine 31 ni mali, lile moja ni deni la 2,147,483,648. Ukiweka kete kwenye mashimo yote 31 na kuliacha la mwisho tupu, unapata 2,147,483,647, na huo ndio ukomo. Sasa tia kete moja zaidi shimo la kwanza. Shimo haliwezi kukaa na kete mbili, kwa hivyo zote mbili zinatoka na moja inasogea shimo la pili. Nalo lina yake. Zinatoka, moja inasogea. Mbio hizo hazisimami mpaka shimo la 32. Mashimo 31 yamebaki matupu na kete moja imelala kwenye deni. Ulikuwa na bilioni mbili na ushei, umeongeza moja, sasa unadaiwa bilioni mbili na ushei.

Mzee mmoja alirudi akanikuta nasogeza kete peke yangu. "Wacheza na nani?" Nikamwambia na kompyuta. "Imekufunga?" Imenifunga, mzee.

Kwa shilingi, ukomo ule ni 21,474,836 na senti 47. Duka linalouza kama elfu sitini kwa siku linaujaza kabla mwaka haujesha. Namba yetu haikuenea, ni hilo tu. Niliudhika kwamba kompyuta haikusema neno, ila nilipofikiri, aliyechagua kisanduku ni mimi.

Nilifikiria pia kutumia unsigned, ambayo shimo la 32 si deni bali ni mali kama wenzake. Hapo ukomo unafika 4,294,967,295, na ukiuvuka inarudi sifuri kama mita ya gari kuukuu. Lakini mteja akirudisha gunia itabidi nitoe, na tano kutoa kumi katika kisanduku kisichojua deni inatoka 4,294,967,291. Mjomba angeamka tajiri. Hapana.

19 Januari

Nimebadilisha int kuwa long. Jina lenyewe linasema ni refu, nikaona yamekwisha. Nikaendesha: -21448767.-96. Ileile.

Nikampelekea rafiki yangu wa Tudor faili ileile. Kwake ikatoka 21500905.00, safi. Tukabishana kwa simu nusu saa kila mmoja akidhani mwenzake amekosea kunakili, mpaka alipopata wazo la kuuliza kila mashine ukubwa wa long kwa sizeof. Kwake baiti 8. Kwangu baiti 4. Baiti moja ni biti nane.

Yeye anatumia Linux, mimi Windows. Kanuni za C zinadai tu kwamba long isipungue biti 32. Linux ya biti 64 imeipa 64. Windows, hata ikiwa ya biti 64, imeiacha kwenye 32. Hiyo ndiyo sababu ya mambo mengi niliyosoma kupingana: kila mwandishi alikuwa akieleza mashine yake.

Isiyo na utata ni long long, iliyoingia rasmi kwenye kanuni za mwaka 1999, na sharti lake ni isipungue biti 64. Kanuni hizohizo zilileta int64_t, ambayo jina lake linataja ukubwa waziwazi. Kwa maoni yangu wanafunzi wangefundishwa hiyo kwanza. "Refu" na "refu refu" ni majina ya kumchanganya mtu.

21 Januari

Nimehamia long long. Mabao mawili yamewekwa pamoja: mashimo 64. Ukomo sasa ni 9,223,372,036,854,775,807. Nimepiga hesabu kwa mauzo ya elfu sitini kwa siku, duka lisifungwe hata Idi: litajaza kisanduku baada ya miaka bilioni nne na ushei.

Ila leo pia nimefanyiwa mzaha. Mstari wa shilingi umetoka sawa, 21500905.00. Chini yake nina mstari wangu wa kujikagua unaoonyesha senti zote kwa jumla, nao ukatoka -2144876796. Kisanduku kimoja, namba moja, mstari mmoja tajiri na mwingine mdeni!

Kosa lilikuwa kwenye printf, amri ya kuandika kwenye skrini. Nilikuwa nimeacha %d, alama inayosema "soma int". Namba ndani ya kisanduku ilikuwa nzima, ila aliyetumwa kuisoma alisoma nusu ya bao akaondoka. Mstari wa shilingi ulinusurika kwa bahati: huko namba imeshagawanywa kwa mia, ikapungua, ikaenea nusu bao. Inatakiwa %lld. Rafiki yangu akaniuliza kama nimewasha, kwa -Wall, onyo za kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine. Sikuwa nimewasha. Nilipoziwasha zikanimwagikia onyo kumi na moja, saba zikiwa juu ya jambo hilihili. Miezi mitatu nafanya kazi na mtu anayejua makosa yangu nami nimemziba mdomo.

22 Januari

Stima zimepotea toka adhuhuri. Joto la Kaskazi. Hakuna kilichofanyika.

27 Januari

Nimeongeza sehemu ya bidhaa ghalani: idadi ya magunia mara bei. Kwa kuwa sasa nimeshachanjwa, nikajaribu kwa namba kubwa kusudi, magunia 4,000 kwa bei ya shilingi 5,400, yaani senti 540,000:

`long long thamani = magunia * bei;`

Jibu: -2134967296. Mkia wa 96 tena, nimeanza kumjua mgeni huyu kwa viatu vyake.

Hili limenichukua muda mrefu kuliko yote, maana kisanduku cha thamani ni long long, nimekiangalia mara tatu. Mwisho nimegundua kwamba kompyuta haiangalii namba inakwenda wapi. Inaangalia inatoka wapi. Magunia ni int, bei ni int, basi kuzidisha kunafanywa kwa bao moja, kunafurika papo hapo, na mabaki ndiyo yanayomiminwa kwenye kisanduku kikubwa. Ni kama kupima mchele wa gunia zima kwa kibaba kimoja mara moja, nusu ikamwagika sakafuni, halafu kilichobaki ukakitia kwenye pipa ukashangaa mbona pipa halijai.

Dawa ni kumpanua mmoja wao kabla ya kuzidisha:

`long long thamani = (long long)magunia * bei;`

Mabano yale yakikaa mahali pengine, yaani `(long long)(magunia * bei)`, hayasaidii kitu. Nimejaribu. Ni kupanua baada ya kumwagika.

2,160,000,000. Sawa.

2 Februari

Nilidhani nimemaliza, nikafungua faili niliyohifadhi Januari. Ikatoka vurugu tupu: tarehe hazipo, mauzo ya trilioni.

Nilikuwa nahifadhi rekodi kama zilivyo kwenye kumbukumbu, baiti kwa baiti. Rekodi ya zamani ilikuwa namba ya siku, baiti 4, na jumla, baiti 4: nane kwa pamoja. Mpya ni 4 na 8. Nilitegemea 12, sizeof ikanijibu 16. Kompaila imeacha baiti 4 tupu katikati ili long long ianzie kwenye anwani inayogawika kwa nane, kama mpakizi wa lori anayeacha mwanya ili magunia yakae sawa. Kwa hivyo kila rekodi mpya ilipokuwa inasomwa, ilimeza mbili za zamani.

Nimeandika programu ya mistari ishirini ya kusoma zile za zamani na kuziandika upya. Safari hii nimezihifadhi kwa maandishi ya kawaida, mstari kwa siku, kama daftari la mjomba. Faili imekuwa kubwa kidogo na sijali. Maandishi hayana habari na upana wa kisanduku changu, na nikiyafungua naweza kuyasoma kwa macho.

5 Februari

Nilitaka programu ikatae badala ya kufurika, maana kidole kikimlalia mtu kwenye sifuri hata biti 64 zitajaa. Nikaandika: kama jumla ukiongeza mauzo inakuwa ndogo kuliko jumla yenyewe, toa onyo. Nilijiona mjanja. Rafiki yangu akaijaribu kwa -O2, ambapo kompaila hunoa programu ili iende mbio, na onyo halikutoka.

Maelezo yake yamenikosesha raha. Katika C, kufurika kwa namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi, hakuna kanuni. Lugha inasema tu mwandishi hatafanya hivyo. Kompaila inakuamini. Ikiona swali langu inasema: hesabu haifuriki, mauzo si hasi, basi jumla haiwezi kupungua, swali halina kazi, litupwe. Kwa hivyo hata hadithi yangu ya bao na shimo la deni ni habari ya yale mashine yangu iliyoyafanya siku ile. Si ahadi.

Swali la haki huulizwa kabla ya kujumlisha: je, mauzo ni makubwa kuliko nafasi iliyobaki? `if (mauzo > LLONG_MAX - jumla)`, LLONG_MAX ikiwa ni ukomo wa long long. Humo hamna kinachofurika. Rafiki yangu pia alitengeneza toleo langu la zamani kwa -fsanitize=undefined, inayokagua makosa kama haya programu ikiendeshwa, kwenye Linux yake, na hapo hapo likataja mstari na namba zote mbili, 2143906500 na 6184000, likisema jumla yake haiingii katika int. Sentensi moja tu, ningeiona tarehe 13 Januari ningelala mapema.

9 Februari

Simu za wateja. Mjomba anataka kila mwenye deni aandikwe na namba yake ya simu, apelekewe ujumbe. Nikaweka int bila kufikiri. Namba inayoanza na sifuri ikapoteza sifuri, na ile ya tarakimu 12 inayoanza na 254 ikageuka kitu kingine kabisa. Nilijaribu na 254000000000, ambayo si ya mtu: ikatiwa kwenye int ikawa 596929536.

Nilikuwa nimeshaanza kuipanua kuwa long long, mkono ukasita. Simu hatuzijumlishi. Hakuna atakayeuliza wastani wa namba za simu za wateja wa Kongowea. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, mahali pake ni kwenye maandishi: nafasi 13, kumi na mbili za tarakimu na moja ya alama ya mwisho. Sifuri imerudi nyumbani.

12 Februari

Tarehe za risiti. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Ukizitia kwenye biti 32 zenye alama, zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na dakika 14, watu wako kwenye mahamri na mbaazi. Sekunde itakayofuata itasomeka 13 Disemba 1901, siku chache kabla reli iliyoanzia hapa Mombasa haijafika Kisumu.

Nimepima time_t, kisanduku cha C cha wakati, kwenye laptopu yangu: baiti 8, hana neno. Halafu nikaangalia mstari wangu mwenyewe: `int sasa = time(NULL);`. Nimepewa wakati mpana nikaupitisha kwenye tundu la sindano. Nimerekebisha.

Nimesoma pia kwamba mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zisiachwe zimewashwa umeme siku 248 mfululizo, kwani kihesabio katika programu ya mitambo ya umeme kingefurika. Nikatoa kalamu: gawa 2,147,483,647 kwa 100, halafu kwa sekunde za siku. Siku 248 na nusu. Mgeni ni yuleyule, safari hii amepanda ndege.

16 Februari

Mistari 354 imeingia yote. Jumla ya programu: 22,690,400.00. Hakuna kijistari, hakuna 96.

Jumla ya mjomba, kwa wino wa bluu na mistari miwili chini yake: 22,690,940.

Shilingi 540. Nikaanza kupekua upya visanduku, vizidisho, printf, kila kitu. Mjomba akaniuliza nahangaikia nini, nikamwambia. Akatazama dari kidogo.

"Mia tano arubaini inagawika kwa tisa?"

Inagawika.

"Basi acha kompyuta. Kuna mahali umepindua tarakimu mbili."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema ukiandika 28 badala ya 82, au 15 badala ya 51, tofauti daima hugawika kwa tisa. Alifundishwa na karani aliyemfunza kazi, kabla sijazaliwa. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini ndipo pa kuanzia. Tukagawana kurasa. Ilikuwa tarehe 19 Mei: daftari 57,820, mimi 57,280.

Nikarekebisha mstari mmoja kwenye faili ya maandishi, nikaendesha upya: 22,690,940.00.

Mjomba akanyoosha mkono. "Haya, sasa nipe daftari langu."